Vita vya wenzetu, vibanda vyetu

Kwenye njia za vumbi zinazoshuka kutoka Barabara ya Morogoro, pale Kimara Korogwe, Suka na Temboni, kibanda umiza hukitambua kabla hujakifikia. Ubao wa chaki umeegemezwa mlangoni: juu zimeandikwa mechi za Ligi Kuu ya England na saa zake, chini jina la picha na jina la DJ aliyeitafsiri. Ndani kuna mabenchi, feni moja isiyotosha na televisheni iliyotundikwa juu kiasi cha kuumiza shingo. Jumamosi mchana, kabla mpira haujaanza, ni zamu ya picha. Na picha inayojaza mabenchi, tangu enzi za kanda za VHS hadi hizi za flashi, ni ya kivita: steringi mmoja, bunduki isiyoishiwa risasi na maadui wasiohesabika.

Wapo wanaoiona burudani hii kuwa ya vijana waliokosa shughuli. Lakini nyuma ya kila picha ya vita yupo mtu mwenye hofu yake. Nchi imeshindwa vita na haitaki kukubali, ndege imetekwa, jengo limelipuliwa, au uchaguzi umekaribia na watu hawaaminiani. Waandishi wa filamu huichukua hofu hiyo, wakaipa sura ya adui, kisha wakamtuma steringi akaimalize kwa saa mbili. Kopi ikifika Kimara, hofu hiyo huwa imo ndani yake, na waliokaa kwenye mabenchi nao wana zao. Swali la kujiuliza ni hofu ya nani inayopata nafasi kwenye skrini, na ya nani inayobaki nje ikisubiri.

Sinema iliyokuja na vita

Uhusiano wa sinema na vita katika nchi hii una umri mkubwa kuliko video. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliojulikana kama BEKE uliweka makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ukatengeneza filamu fupi za kuwafundisha Waafrika mambo kama minyoo ya safura, kodi na faida ya kuweka akiba. Miaka miwili baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikaanza, na Uingereza ikaunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwashawishi watu wa makoloni waunge mkono vita.

Magari ya sinema yalizunguka vijijini na kwenye miji midogo. Kitambaa cheupe kilitandazwa, mashine ikawashwa, na kando yake akasimama mfasiri mwenye kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa lugha yao nani ni rafiki na nani ni adui. Hadhira hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kutoa vijana wa kujiunga na King's African Rifles, na wengi wao wakajikuta Burma wakipigana na Wajapani. Kwa hiyo mtu anayesimama kati ya picha ya vita ya mgeni na macho ya mwenyeji alikuwapo zamani, ila wakati ule maneno yake yalitoka kwa serikali.

Baada ya uhuru, Dar es Salaam ilikuwa mji wa majumba ya sinema: Empire, Avalon, Odeon, Cameo, Empress, New Chox. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-in ya Msasani, ambako familia zilikaa kwenye magari au kwenye mikeka zikitazama skrini kubwa chini ya nyota. Watu walilia na picha za Kihindi, na miaka ya 1970 wakajifunza mateke ya Bruce Lee. Vita vilivyokuwa kwenye skrini vilikuwa vya mbali.

Rambo na mkanda uliokazwa

Oktoba 1978 vita vikaja nyumbani. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuliteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, yakaua raia, yakapora mifugo, yakavunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui vyote vipo. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likapanuliwa kwa mgambo, polisi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa mpaka likapita 100,000. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka.

Ulikuwa ushindi, na ulikuwa na bei. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini miezi hiyo ikageuka miaka ya foleni za sukari, sabuni na khanga. Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu Tanzania na Taasisi ya Audio Visual zilitoa filamu ya kumbukumbu, Vita vya Kagera, iliyosifu ujasiri wa wapiganaji. Baada ya hapo fedha za kigeni zilikuwa adimu, filamu mpya zikawa za shida, na majumba ya sinema yakaanza kuchakaa.

Katika pengo hilo ikaingia video. Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki na kanda zikaja kutoka Uarabuni na Zanzibar, na vibanda vikachipuka uswahilini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo kwa watoto wengi wa Manzese, Temeke na Kimara skrini ya kwanza maishani ilikuwa ya kibandani. Na juu ya skrini hiyo alikuwa Rambo.

Filamu ya kwanza ya Rambo, First Blood ya 1982, inamhusu askari aliyerudi kutoka Vietnam na kukuta nchi yake haimtaki. Ni picha ya huzuni kuliko watu wanavyoikumbuka. Marekani ilikuwa imeondoa majeshi yake Vietnam mwaka 1973, miaka miwili baadaye Saigon ikaanguka, na taifa likawa na kidonda lisichotaka kukitazama. Filamu ya pili, ya 1985, ilikipaka dawa: Rambo anarudishwa Vietnam kuwakomboa mateka walioachwa, na safari hii anashinda. Rais Ronald Reagan alisema kwa utani mwaka huohuo, baada ya mateka wa Kimarekani kuachiwa Beirut, kwamba kwa kuwa amemtazama Rambo sasa anajua la kufanya siku nyingine.

Hebu tuliangalie hilo kutoka upande wa Kimara. Nchi iliyoshindwa vita vyake ilitengeneza ndoto ya kushinda, ikaiuza dunia nzima. Nchi iliyoshinda vita vyake kweli, yenye majeruhi wake mitaani na makaburi yake Kaboya, ikakaa kwenye mabenchi na kuishangilia ndoto ile. Mifuko ya plastiki ikaitwa rambo, na jina likadumu mpaka mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku Juni 2019. Askari wa Kagera hakuwahi kupata mfuko wa jina lake.

Hata Amin mwenyewe alichukuliwa na wengine. Mwaka 1981 Kenya ilitoa Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, ambayo Joseph Olita aliigiza kama dikteta huyo kwa mfanano wa kutisha. Mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Hii ya pili inamfuata daktari kijana wa Uskoti, na hadithi yake inaishia Entebbe mwaka 1976. Utekaji wa ndege na uvamizi wa makomandoo wa Israel uwanjani hapo mwezi Julai mwaka ule umetengenezewa filamu kadhaa, kuanzia mwaka huohuo wa 1976 hadi 2018. Operesheni ile ilichukua usiku mmoja. Vita vyetu vilichukua miezi, vikamwondoa Amin madarakani, na katika sinema ya dunia ni kama havikuwahi kutokea.

DJ anaposhika kipaza sauti

Hata hivyo, watazamaji wa vibandani hawakumeza kila walicholetewa. Mtu aliyewasaidia kutafuna ni DJ wa kutafsiri. Utamaduni huu ulistawi sana Kampala, ambako huitwa VJ, ukasambaa Tanzania na Kenya. Kwetu jina lililotangulia ni la Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, na baada yake wakaja wengine kama DJ Mack. Kenya wana DJ Afro. Kila mmoja wao huigiza sauti za watu wote, mwanamke kwa mwanamume, jenerali kwa mlinzi wa geti, huku akipunguza sauti ya Kiingereza na kuijaza nafasi kwa Kiswahili chake.

Kazi hiyo inabadilisha picha kuliko inavyoonekana. Mazungumzo marefu ya ikulu ya Marekani, ambamo mwandishi wa filamu ameficha hofu ya taifa lake, kwa DJ ni mahali pa kupumzikia na kutia vichekesho. Anaweza kuyapa majengo majina ya mitaa ya Dar, kumfanya waziri wa ulinzi aongee kama mjumbe wa nyumba kumi, na kumpa adui tabia za mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita. Wanachojali watazamaji ni nani ameonewa, nani amemsaliti nani, na lini steringi atalipiza. Vita Baridi vinatoka nje, na dhuluma inaingia.

Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba kijana anayeshangilia komando wa Kimarekani anaishangilia siasa ya Marekani. Mara nyingi anamshangilia mtu mmoja aliyedhulumiwa na wakubwa wake. Katika filamu ya pili Rambo anasalitiwa na mabosi wake, na hilo mtu wa uswahilini analielewa bila DJ.

Agosti 7, 1998

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo DJ hawezi kuyatia utani. Rambo III ilitoka Mei 1988. Ndani yake steringi anapanda farasi pamoja na mujahidina wa Afghanistan, wanapigana bega kwa bega dhidi ya jeshi la Kisovieti, na filamu inawatukuza wapiganaji hao kuwa mashujaa. Mwezi huohuo majeshi ya Kisovieti yalianza kuondoka Afghanistan. Katika vita vile walikuwamo pia Waarabu waliotoka nje kwenda kupigana, mmoja wao akiwa Osama bin Laden, na mwaka 1988 ndipo mtandao wa al-Qaeda ulipoanza kuundwa.

Miaka kumi baadaye, Ijumaa asubuhi ya Agosti 7, 1998, lori lenye mabomu lililipuka kwenye geti la ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Watu 11 walikufa. Karibu wakati huohuo ubalozi wa Nairobi nao ulilipuliwa, na huko waliokufa ni 213. Wengi mno wa waliokufa katika miji yote miwili walikuwa Waafrika: walinzi, wapita njia, makarani, abiria. Miongoni mwa walioshiriki walikuwamo vijana wa Zanzibar na pwani yetu, jambo lililotia aibu na hofu ndani ya familia nyingi, kwani polisi na wapelelezi wa kigeni walianza kuuliza maswali mitaani.

Ubalozi mpya ulijengwa Msasani, nyuma ya kuta nene. Eneo lililochaguliwa ni lile la Drive-in, ambako zamani watu walitandika mikeka kutazama picha.

Baada ya Septemba 11, 2001, hofu ya Marekani ilifurika sokoni. Tamthilia ya 24, iliyoanza Novemba mwaka huo, ilimfanya steringi wake, Jack Bauer, awe mtu wa kujadiliwa hata Kariakoo, kwa DVD zilizobana msimu mzima kwenye diski moja. Mwaka huohuo msomi Jack Shaheen alichapisha utafiti wake wa filamu zaidi ya 900 za Hollywood, akionyesha jinsi Mwarabu na Mwislamu walivyogeuzwa adui wa kudumu. Katika mji ambao adhana husikika kila mtaa, picha hizo zina uzito mwingine. Kijana aliyevaa kanzu siku ya Ijumaa anaweza kukaa benchi la mbele Jumamosi na kumtazama mtu aliyevaa kama baba yake akiuawa na steringi kwa makofi ya ukumbi mzima.

Nairobi ilipata filamu yake ya bomu lile. Wanuri Kahiu alitoa From a Whisper mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikazoa tuzo tano za African Movie Academy. Inamfuata binti anayemtafuta mama yake aliyepotea siku ya mlipuko, na ofisa wa usalama Mwislamu ambaye rafiki yake alivutwa upande ule wa pili. Hakuna steringi anayezuia bomu. Bomu limeshalipuka, na kazi iliyobaki ni ya kuishi na yaliyotokea. Dar es Salaam haijapata filamu yenye uzito huo kuhusu Agosti 7 yake.

Majirani walivyothubutu

Kenya imekwenda mbali zaidi. Something Necessary ya Judy Kibinge, ya 2013, inamtazama mama aliyenusurika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 pamoja na kijana aliyekuwa kwenye kundi lililomshambulia. Watatu, ya 2015, ilipigwa Mombasa na kuzungumzia vijana wa pwani wanaovutwa na makundi yenye silaha, mwaka uleule ambao watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa.

Linganisha na Eye in the Sky, nayo ya 2015. Hadithi yake iko Nairobi, lakini ilipigwa Afrika Kusini, na mjadala wake mkubwa ni wa majenerali na mawaziri wa Uingereza na Marekani: je, ndege isiyo na rubani irushe kombora wakati kuna mtoto wa kike anauza mikate kando ya nyumba ya magaidi? Ni filamu nzuri na inamheshimu yule mtoto. Lakini hofu inayopimwa ni ya wanaobonyeza kitufe. Kwenye Watatu hofu ni ya mjomba anayemwona mpwa wake akimponyoka.

Uganda nao wamejibu kwa kicheko. Isaac Nabwana, aliyekulia chini ya utawala wa Amin, alitengeneza Who Killed Captain Alex? katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa bajeti iliyosemwa kuwa haifiki dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu na mbao, helikopta ni ya kompyuta, na VJ Emmie anapiga kelele mwanzo hadi mwisho. Watu wa nje walidhani ni upuuzi mtamu. Kwa Mganda aliyeona mapinduzi, vifaru barabarani na vita vya kaskazini, kuyafanya majeshi yaonekane vikaragosi ni njia ya kuyapunguzia kimo.

Kwetu, hofu huvaa sanda

Na sisi je? Anayesema Bongo Movie haina hofu hajaitazama. Tangu filamu za majini na misukule za Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpaka misururu ya mirathi, mama wa kambo na mganga, hofu imejaa tele. Ila inakaa ndani ya nyumba. Adui ni shangazi, ni mke mdogo, ni mdogo wa marehemu anayetaka kiwanja. Askari akionekana ni wa kituo cha polisi, anakuja mwishoni na pingu.

Sababu mojawapo ni pesa, nyingine ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kamera kuwashwa, na mswada hupitiwa na Bodi ya Filamu. Sare za jeshi ni marufuku kwa raia. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa kila aliye na mavazi yanayofanana na ya jeshi ayasalimishe. Katazo hilo lina sababu zake za usalama, kwa kuwa majambazi wamewahi kuzitumia sare hizo. Lakini mtayarishaji mdogo wa Kimara anayetaka kuonyesha kikosi kikivuka Mto Kagera anajikuta akihitaji barua nyingi kuliko waigizaji. Anarudi kwenye jini, ambalo halihitaji kibali cha sare.

Wapo walioonyesha kwamba mlango haujafungwa. Amil Shivji alichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi na mwaka 2021 akatoa Vuta N'Kuvute, ambamo Zanzibar ya miaka ya 1950 imejaa wapelelezi wa mkoloni, karatasi za siri na vijana wa siasa. Ilikwenda tamasha la Toronto na baadaye ikaiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Kabla yake, watu wengi nje walizijua siasa za visiwani kwa Africa Addio ya 1966, filamu ya Waitaliano waliopiga picha za mauaji ya wakati wa mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 kutoka angani na kuzitumia kuithibitishia Ulaya kwamba Afrika bila Wazungu ni damu tupu. Shivji aliishusha kamera ikatembea vichochoroni.

Vilivyobaki ni vingi. Kuna Kibiti, ambako askari polisi 8 waliuawa kwa shambulio moja Aprili 2017. Kuna Kitaya, Mtwara, kijiji kilichovamiwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji. Kuna zile nyumba za hapahapa Kimara mpaka Kiluvya, zilizochorwa alama ya X na kuvunjwa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambapo watu walilala na samani zao nje. Kuna Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ambayo jioni yake Dar es Salaam ilipewa amri ya kutotoka nje na intaneti ikazimwa. Vibanda vilifungwa, na watu walioyaona mapambano ya barabarani kwa miaka kwenye televisheni wakayasikia kupitia madirisha yao.

Serikali ingeweza kuanza na lililo jepesi zaidi kisiasa. Kagera ni vita ambavyo karibu kila Mtanzania anakubali vilikuwa vya haki. Bodi ya Filamu na Jeshi wangeweza kuweka utaratibu mmoja ulio wazi wa kuazima sare na vifaa kwa mtayarishaji mwenye mswada uliokubaliwa, hata akiwa hana ofisi Masaki. Nabwana ameshatuonyesha kwamba bajeti ndogo haizuii. Lisilongoja ni kumbukumbu: kijana aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Kyaka sasa anakaribia 70, na wenzake wanazikwa kila mwaka na simulizi zao. Filamu ya Entebbe inaweza kutengenezwa tena wakati wowote kutoka kwenye nyaraka za Israel, zilizohifadhiwa vizuri. Ya Kagera, kwa sehemu kubwa, bado imo vichwani mwa wazee.